Ukuta Uliovaa Paa

Nyinyi vijana wa chuo cha ufundi mnaokuja kwangu Jumapili mkidai mmenijulia hali, kumbe mmefuata chai, mmeniuliza swali ambalo limenikosesha raha wiki nzima. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye nyumba nzuri ya saruji, achukue vigae vya mbao, kitu cha paa, avipigilie ukutani? Nitawajibu kwa ukweli wote wa mtu aliyeifanya kazi hiyo Riyadh na Jeddah mpaka magoti yake yakastaafu kabla ya mwenyewe. Sijui.

Nimepigilia vigae ambavyo ukivipanga kimoja kimoja vitatoka hapa Machakos mpaka Makka, na kurudi kwa njia nyingine ili visichoke. Nimewauliza wenye nyumba, na kila mmoja ana jibu lake linalopingana na la jirani. Ila kuna nyumba moja Jeddah iliyovishwa mbao kwa sababu moja tu: mama ya mwenye nyumba alikuwa amekataa kuhamia. Aliishi peke yake ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, ngazi zake zimesimama wima kama mgomba, na alikuwa ameshaanguka mara moja. Mwanawe alimjengea vila karibu na bahari. Mama alikuja, akaangalia, akasema hiyo ni friji, na yeye si samaki. Nitawafikisha huko, lakini si kwa njia iliyonyooka. Mtu akiwasimulia kazi imenyooka kama reli, jueni hakuifanya.

Kwanza mjue kitu chenyewe. Kigae cha mbao ni kipande cha mwerezi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, chini kinene, juu chembamba kama ulimi wa kisu. Vinalala mstari juu ya mstari kama magamba ya samaki, cha juu kikifunika misumari ya cha chini. Unaanzia chini, na mstari wa kwanza unauweka maradufu. Ukianzia juu utakuwa umejenga ngazi ya kuteremshia mvua mpaka sebuleni. Na popote vigae viwili vinapokutana, hakikisha vya mstari wa juu havikutani hapo hapo. Maji ni kama shemeji mwenye njaa, akiona milango miwili imefuatana haulizi kama kuna mtu.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Kilonzo. Mzee Kilonzo alikuwa ameezeka mahoteli ya watalii kuanzia Limuru hadi mbugani, na kafili wetu, yaani tajiri aliyetudhamini viza, mfanyabiashara wa mbao mwenye ghala Al-Sulay kule Riyadh, alipoanza kuagiza vigae kwa makontena alitafuta mtu anayevijua, akampata yeye. Mimi nilichukuliwa kama msaidizi. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, ile ambayo nyinyi mnaicheka mkiiita ngumbaro, na cheti changu cha ujenzi nilikibeba ndani ya plastiki tatu. Kilonzo alikiona uwanja wa ndege, akanibatiza Profesa. Jina hilo halikutoka tena. Nilikuwa nimezidi miaka arobaini na bado nikitumwa maji: Profesa, lete maji.

Siku ya kwanza kafili alipotupeleka kwenye vila ya kwanza, Kilonzo alipanda moja kwa moja mpaka juu ya dari, akasimama pale akitafuta paa. Hakuna paa la kuezekwa Riyadh, dari zote bapa. Kafili yuko chini anaelekeza ukuta. Kilonzo yuko juu anaelekeza mbingu. Walielekezana hivyo mpaka shingo zikauma. Alipoelewa, alishuka akaniambia taratibu, kama mtu anayetangaza msiba, kwamba hawa watu wanataka tulaze paa ubavuni.

Tukalilaza. Na tukalilaza kama tulivyozoea nyumbani, tukiacha upenyo kati ya kigae na kigae ili mbao ikilowa ipate mahali pa kunenepea. Kazi ilipendeza mno. Basi jua la Riyadh likaja kuikagua. Jua la kule ukisahau nyundo nje unaweza kukaangia yai juu yake, na ukiisahau sana utamkuta kuku. Vigae vilikuwa vimetoka melini vina unyevu. Vikakauka, vikasinyaa, na nyufa zikapanuka mpaka karatasi nyeusi ya lami iliyo nyuma ikawa inaonekana kote. Ukuta ukawa unacheka kama mtoto wa darasa la pili, pengo hapa, pengo pale. Mwenye nyumba alituita, akatuonyesha, akasema neno moja tu, mafi, yaani hakuna. Hatukuelewa hakuna nini. Hakuna kazi, hakuna chai, au hakuna Mungu.

Tuliurudia wote. Safari hii tulifungua mafurushi ghalani Al-Sulay, tukaviacha vigae vikae wazi mpaka vikawa vikavu kama biskuti, halafu tukavipanga shavu kwa shavu, bila upenyo. Havikusogea tena. Wafula, mlinzi wa ghala, mtu wa Kakamega, alichukua vipande vilivyobaki akapikia ugali, na ugali ule ulinuka penseli. Tuliula huku tukikumbuka walimu wetu wote.

Kwa hiyo mngeniuliza kanuni, ningewaambia: usiache nafasi. Niliiandika hata ukutani chumbani kwetu. Mtaona ilinifikisha wapi.

Sasa hilo la kupendeza. Mwenye nyumba wa kwanza aliniambia alipenda mbao kwa sababu zinapunguza joto. Hilo lina kichwa na miguu, kwa maana nyuma ya vigae tunapiga fito na hewa inapita, hata ukigusa saruji ya ndani haiungui. Wa pili akasema la, joto ni kazi ya kiyoyozi, yeye anataka nyumba inayobadilika rangi ikizeeka. Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa rasmi. Mtu huyo huyo alikuwa anapaka ndevu zake rangi nyeusi, lakini nyumba anataka iote mvi. Wa tatu alisema mkewe aliona nyumba kama hiyo kando ya ziwa fulani la nchi za baridi. Nikamuuliza kama hapa tutaweka na ziwa. Kilonzo alinikanyaga mguu.

Yeye Kilonzo alikuwa na maelezo yake. Alinisimamisha mbele ya ukuta saa za jua kukaribia kuzama, jua linapolala ubavu. Ukuta wa rangi tupu saa hizo ni kioo cha kukuchoma macho. Ule wa vigae, kila kigae kilikuwa kimetupa kivuli chake kidogo juu ya mwenzake, na ukuta mzima ukawa kama mkeka uliosukwa. Akasema macho yamepata pa kukaa. Nikamuuliza ndiyo sababu yenyewe? Akasema hajui, ila ni afadhali kuliko ziwa.

Haya, Jeddah.

Baba Talal, ndivyo tulivyomwita yule mwenye vila ya karibu na bahari, alimwona kafili wetu Riyadh na ule mkeka wetu wa ukutani, akafikiri amepata dawa ya mama yake. Nyumba za zamani za Jeddah mnazijua kwa picha, zile zenye madirisha makubwa ya mbao yanayojitokeza nje. Mama alizaliwa nyuma ya dirisha la namna hiyo. Mwana akawaza: nikiivisha friji mbao, haitakuwa friji tena. Akatupa muda mpaka Ijumaa fulani, siku ambayo mama angeletwa kuangalia kwa mara ya mwisho. Akikataa tena, alisema, hatamuuliza tena, na itabidi aishi akisubiri simu ya kuambiwa mama ameanguka na hakuna aliyesikia.

Tulipanga chumba Bani Malik tukaanza kazi. Vigae tulivileta kwa lori kutoka Al-Sulay, vikavu kama biskuti, na tukavipanga shavu kwa shavu. Usiache nafasi! Profesa alikuwa ameandika.

Pale kwa Baba Talal alikuwepo dada mmoja wa Likoni, Zaituni, aliyefanya kazi za ndani na kumhudumia mama, kwa hiyo alikuwa anapelekwa huku na huku kati ya nyumba mbili. Zaituni alikuwa anaongea Kiarabu kama amekinunua. Alitusikia tukijisifu kupitia dirisha la jikoni, akauliza kama tunajua tuko karibu na bahari. Kilonzo akamjibu kwamba tunaiona. Zaituni akaenda zake akicheka.

Siku mbili tatu zikapita tangu tumalize upande unaotazama bahari. Tunakula mchana, tukasikia ta! Kama mtu anavunja vidole. Kimya. Halafu ta! ta! Kilonzo akaniangalia mimi, mimi nikaangalia mandazi. Tulipozunguka, ukuta ulikuwa umevimba. Vigae vilikuwa vimekunywa ule unyevu wa Jeddah, hewa ambayo ukiikamua inatoa glasi ya maji, na kwa kuwa havikuwa na pa kunenepea, vilisukumana, vikainuka kifua mbele kama wanasiasa. Mahali pengine misumari ilikuwa imeng'olewa na mbao zenyewe.

Sitawaficha, nilichanganyikiwa kiasi cha kutaka kurudi Riyadh kuuliza ule ukuta kama ni wa kabila lile lile. Kule tuliacha nafasi tukafukuzwa. Hapa hatukuacha, na ukuta unatufukuza wenyewe. Mbao ni ile ile, fundi ni yule yule, na nchi ni moja.

Zaituni alikuja akasimama, shela kichwani, mikono kiunoni.

"Nyie mafundi wa bara," alisema, "kwetu Likoni kila mlango una msimu wake wa kugoma. Hamkuona mlango wa jikoni nausukuma kwa nyonga?"

"Tuliona," Kilonzo akasema. "Tulidhani ndivyo unavyotembea."

Zaituni alimcheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukasema ta.

Basi chukueni hili, ndilo la thamani kuliko chai yangu: usibebe kanuni ya mji mmoja ukaitumia mji mwingine kabla hujailaza mbao usiku kadhaa kwenye hewa ya huko. Fungua mafurushi pale pale utakapopigilia. Na Jeddah acha kati ya kigae na kigae unene wa msumari. Chukua msumari wenyewe, uchomeke katikati, panga, uutoe. Msumari uwe wa chuma kisichoshika kutu, la sivyo chumvi itaufanya ulie machozi ya kahawia mpaka chini. Na usiupigilie kwa hasira. Kichwa cha msumari kiguse mbao kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

Ijumaa ilikuwa imefika mlangoni. Kutengeneza kulihitaji kung'oa kila kigae, kukiranda ukingo, na kukirudisha, na muda uliobaki haukutosha nyumba nzima. Baba Talal alikuwa anasema yalla, haraka, mara nyingi kuliko anavyopumua. Tukakubaliana tuutengeneze upande wa mbele, anaoingilia mama, na upande wa bahari tuufunike kwa turubai, aambiwe bado kazi inaendelea. Kilonzo hakupenda. Alisema mvua ya Jeddah haiji kila siku lakini ikija inakuja na ukoo wake wote, na ule ukuta uliovimba utayapitisha maji mpaka kitandani kwa huyo mama tunayemvutia. Baba Talal akamwambia mama kwanza, mvua baadaye.

Akaja. Mama mdogo wa umbo, mweusi tititi kwa baibui, fimbo mkononi, Zaituni amemshika upande mmoja na mwanawe upande mwingine. Zaituni alimwita Mama Mkubwa, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alisimama mbele ya ukuta wetu uliotengenezwa, ule uliolala sawa kama daftari jipya. Akauangalia. Akasema kitu kifupi. Zaituni akatutafsiria kwamba amesema ni pazuri, Mungu ambariki mwenyewe, na gari liko wapi.

Uso wa Baba Talal ulishuka mpaka kwenye viatu. Niliwahi kuona mtu mzima akinyimwa viza, nikaona mwingine akinyimwa mke, lakini sijaona uso kama ule.

Basi upepo wa bahari ukaichapa turubai kule upande wa pili. Mama Mkubwa aligeuza kichwa akauliza nyuma ya pazia kuna nani. Mwanawe akasema hakuna mtu, ni kazi haijaisha. Mama huyo, kwa fimbo yake, akazunguka nyumba. Watu wa Jeddah ya zamani, nilikuja kujua, hawahesabu nyumba mbele yake iko wapi. Wanahesabu upepo unaingilia wapi. Akaiinua turubai kwa ncha ya fimbo kama anayefunua sufuria.

Ukuta ukaonekana na aibu zake zote. Akausogelea. Akakibonyeza kigae kimoja kilichotuna, kikazama, akakiachia, kikainuka na kusema ta. Akabonyeza kingine. Kisha akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo haikuwepo kule mbele, ni mjinga gani aliyeibana mbao isipumue.

Zaituni hakulipunguza neno hata moja. Kilonzo akavua kofia, akasogea mbele.

"Mwambie ni mimi," alisema. "Na mwambie nitaurekebisha, akitaka asitake. Siachi kazi kama hii nyuma yangu."

Nikaongeza kwamba na mimi nilikuwepo. Hakuna aliyenitafsiri.

Mama Mkubwa aliitazama mikono ya Kilonzo. Halafu akasema aletewe kiti.

Mwanawe akadhani anajisikia vibaya, akataka kumwita daktari. Mama akamwambia anyamaze, anataka kuona kama huyu mtu anajua kuranda. Kiti kikaletwa, kikawekwa kwenye kivuli. Kilonzo aling'oa kigae cha kwanza, akakiranda ukingo, akachomeka msumari wa kupimia, akakirudisha. Mama akatikisa kichwa. Kikubwa mno, hicho upenyo wake mdogo. Kilonzo akasema unatosha. Mama akasema hautoshi. Waligombana hapo, mmoja kwa Kiarabu, mwingine kwa Kikamba, maana Kilonzo akiudhika Kiswahili humtoroka. Zaituni aliacha kutafsiri akakaa chini. Hawakumhitaji.

Jioni gari likampeleka mama kwake. Kesho yake asubuhi, kabla hatujapanda jukwaa, lilikuwa limemrudisha.

Ikawa hivyo kila siku. Anakuja na birika lake la kahawa, anakaa, anakosoa. Kigae hiki kimepinda. Kile kina uso wa mtu asiyesali. Huyo mrefu, ndiye mimi, anapiga nyundo kama anagonga mlango wa benki. Alikuwa na neno kwa kila ubao. Mchana jua likikaza anaingia ndani kulala kidogo, kwenye chumba kilicho nyuma ya ukuta huo huo, kwa sababu, alisema, asipokuwa karibu tutamdanganya. Wiki ya kwanza alilala kidogo. Baadaye alilala mpaka alasiri.

Basi siku moja Baba Talal akanivuta kando, nyuma ya tangi la maji. Nilijua nafukuzwa. Mtu huyu alikuwa ametusukuma kwa yalla tangu siku ya kwanza mpaka hata paka wa pale alikuwa anakimbia akiisikia. Akatazama huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tufanye shwe-shwe. Polepole. Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, akanionyesha na mikono, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Nikampelekea Kilonzo habari. Hilo ndilo lililomtesa kuliko jua lote la Riyadh. Mtu ambaye maisha yake yote alisifiwa kwa haraka, sasa anaambiwa akae na kigae kimoja asubuhi nzima. Alijaribu. Aliranda ukingo mpaka ungeweza kujitazama ndani yake. Alipumzika, akanyoa ndevu, akapima tena alichokwisha kupima. Lakini ukuta una mwisho, hata ukiutembea kwa kutambaa. Ikabaki mistari ya juu, karibu na dirisha la kile chumba. Baba Talal akaanza kuuliza kama upande mwingine wa nyumba haujavimba hata kidogo. Akaenda kubonyeza mwenyewe, kigae kwa kigae, akisikiliza. Ulikuwa mzima kabisa, tumeutengeneza vizuri mno, na nikaona anatuchukia kwa hilo.

Tukamaliza. Jioni ile tulifungua jukwaa. Mama Mkubwa alikaa kwenye kiti chake akaangalia ukuta wote, na hakupata cha kukosoa, na uso wake ukarudi kuwa ule wa siku ya kwanza, wa pazuri, Mungu ambariki, gari liko wapi. Sisi tuliondoka tukirudi Bani Malik. Kilonzo alisema kitu kimoja tu njiani, kwamba hajawahi kumaliza kazi akajisikia ameivunja.

Asubuhi tulirudi kuchukua mabomba ya jukwaa na vyombo. Baba Talal alikuwa uani, hajanyoa, kikombe mkononi. Gari lilikuwa limesimama pale pale lilipokuwa jioni, vumbi la usiku juu ya kioo. Sikulitia maanani.

Dirisha la juu likafunguliwa. Mama Mkubwa akatoa kichwa, kitambaa kimekaa upande, macho mekundu, akaanza kutufokea. Zaituni akatokea nyuma yake huku akiyafikicha macho kwa usingizi, akatafsiri.

"Anasema kile cha tatu kutoka dirishani. Anasema kimesema ta, ta, usiku kucha, hakikumruhusu kulala hata lepe. Anauliza mnaita hiyo kazi?"

Usiku kucha.

Niliyaelewa maneno hayo polepole, kama mtu anayehesabu kwa Kiarabu. Kilonzo hakuyangoja. Yeye alisikia kigae kibaya tu, na kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi yake akachukua nyundo na kuikamata ngazi.

Baba Talal akaweka kikombe chini juu ya mchanga. Akaja akamshika Kilonzo mkono kwa mikono yake miwili.

"Halas, basi, mzee," alimwambia. "Kiache. Kiache hivyo hivyo."